Shimo Lisilofunikwa: Historia ya Visima vya Mafuta Baharini na Wajibu wa Serikali

Kila mwaka tunapofundisha Torati, tukifika kwenye sheria ya mashimo, wapo wanafunzi wanaotabasamu. Sheria yenyewe imo katika Kut. 21:33-34, nayo ni fupi: mtu akifunua shimo, au akichimba jipya asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo hana budi kumlipa mwenye mnyama. Wanafunzi waliokulia katika jamii za wafugaji huielewa mara moja. Wengine huuliza kwa nini Neno la Mungu lijishughulishe na punda aliyeanguka. Zamani tuliwajibu kwa kueleza habari za nchi kavu ya Biblia na visima vyake vya maji. Siku hizi tunaona yafaa zaidi kuwajibu kwa historia ya mashimo ya namna nyingine, yale yanayochimbwa chini ya sakafu ya bahari ili kutafuta mafuta na gesi.

Katika makala hii tunakusudia kuifuata historia hiyo tangu mwaka 1969. Hatufanyi hivyo ili kuwahukumu watu wa mbali, bali kwa sababu sakafu ya bahari yetu wenyewe imekwisha kutobolewa. Swali tunalouliza ni moja: mwenye shimo ni nani? Je, ni yule aliyechimba peke yake, au ni pamoja na yule aliyetoa kibali, akapokea mrabaha, na ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba shimo linafunikwa?

Kutoka Santa Barbara hadi Bahari ya Timor

Tarehe 28 Januari 1969, katika mlango wa bahari wa Santa Barbara, jimbo la California, Marekani, wafanyakazi wa kampuni ya Union Oil walikuwa wakichomoa mabomba ya kuchimbia kutoka kisima kipya. Gesi na mafuta vikapanda kwa nguvu. Walifaulu kuuziba mdomo wa kisima, lakini mafuta yakatafuta njia nyingine: yakapasua mwamba na kutokea kwenye sakafu ya bahari. Sababu yake ilieleweka upesi. Kanuni za serikali zilitaka sehemu ya juu ya kisima ikingwe kwa bomba la chuma la urefu maalumu. Kampuni iliomba kutumia bomba fupi zaidi, na ofisi ya serikali ikaridhia. Mapipa kati ya 80,000 na 100,000 yalimwagika, na ndege wa baharini wakafa kwa maelfu.

Hasira ya wananchi haikupotea bure. Tarehe 1 Januari 1970 Rais Nixon alitia saini sheria ya mazingira ya taifa, iliyodai kwamba kabla serikali haijaruhusu mradi mkubwa, madhara yake yachunguzwe na kuandikwe taarifa wazi juu yake. Tarehe 22 Aprili mwaka huo huo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Dunia. Twamwomba msomaji aikumbuke sheria hiyo pamoja na tarehe hiyo, maana tutakutana nazo tena.

Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Juni 1979, kisima kilichoitwa Ixtoc I kililipuka katika Ghuba ya Campeche, Meksiko. Bahari mahali pale ilikuwa na kina cha meta 50 tu. Kampuni ya Pemex, mali ya serikali ya Meksiko, ilijaribu kila njia. Walimimina tope zito kisimani, wakatupa ndani vipande vya chuma, wakateremsha juu yake kofia kubwa ya chuma iliyopewa jina la sombrero, kisha wakachimba visima vingine viwili pembeni ili kukikata kile cha kwanza chini kwa chini. Kilifungwa tarehe 23 Machi 1980, baada ya zaidi ya miezi tisa na zaidi ya mapipa milioni 3. Mafuta yalifika hata pwani ya Texas. Walipodaiwa fidia na majirani zao, Wameksiko walijibu kwamba dola huru haishtakiwi katika mahakama za dola nyingine. Hapa mwenye shimo alikuwa serikali yenyewe, naye alijificha nyuma ya bendera.

Tukio lililofuata halikuhusu bahari kuchafuka bali watu kufa. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Scotland, liliungua na kuua watu 167. Jaji Cullen alichunguza kwa muda mrefu, na mwaka 1990 akatoa mapendekezo 106. Moja kati ya hayo lastahili kukumbukwa kuliko mengine yote. Alisema kazi ya kusimamia usalama iondolewe kutoka wizara ya nishati, ambayo ndiyo iliyokuwa ikihimiza uzalishaji, ipewe chombo kinachosimamia usalama wa wafanyakazi wa nchi nzima. Serikali ya Uingereza ikakubali. Norway nayo ilitenganisha kazi hizo mwaka 2004. Marekani hawakutenganisha. Tutaona walilipa nini.

Kabla ya hapo ilikuja Ijumaa Kuu ya mwaka 1989. Usiku wa kuamkia siku hiyo, tarehe 24 Machi, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska, ikamwaga kama lita milioni 40 za mafuta ghafi. Tukio hili lilitokana na meli, si kisima, kwa hiyo hatutakaa nalo. Lakini latuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, lilizaa sheria ya mwaka 1990, iliyoidhinisha matumizi ya mfuko wa fidia na kuunda mabaraza ya wananchi wa Alaska, wakiwamo wavuvi, yenye haki ya kukagua mipango ya makampuni. Hilo lilikuwa jambo jema. Pili, sheria hiyo hiyo iliweka kikomo: mwenye mtambo wa baharini, mbali na gharama za kusafisha, hatalipa zaidi ya dola milioni 75 kwa hasara za watu, isipokuwa ithibitike kwamba alizembea kupita kiasi au alivunja kanuni. Ni kana kwamba Torati ingesema mwenye shimo atamlipa mwenye ng'ombe, lakini asilipe zaidi ya mkia na kwato.

Kisha Montara. Wengi wetu hatujalisikia jina hili, nalo ndilo linalotugusa kwa karibu. Montara ni kisima katika Bahari ya Timor, kama kilometa 250 kutoka pwani ya kaskazini-magharibi ya Australia, kilichochimbwa na kampuni tanzu ya shirika la mafuta la Thailand. Mapema mwaka 2009 kazi ilisimamishwa kwa muda na mtambo ukaondoka. Saruji iliyotiwa chini ilikuwa mbovu tangu siku ilipotiwa. Juu yake zilipaswa kuwekwa kofia mbili za chuma za kuzuia msukumo. Moja haikuwekwa kamwe, na ile ya pili ikaondolewa mtambo uliporudi mwezi wa Agosti. Tarehe 21 Agosti kisima kilifumuka, kikatoa mafuta na gesi kwa siku 74. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake ililaumu kampuni, kisha ikamgeukia msimamizi wa serikali. Kofia iliyokosekana ingeweza kugunduliwa na mtu yeyote aliyeuliza, lakini ofisi husika ilikuwa ikipokea maombi ya kampuni na kuyapitisha bila kuyachunguza. Shimo lilikuwa wazi kwa maana ya Kut. 21 neno kwa neno.

Ng'ombe aliyetumbukia alikuwa wa nani? Upande wa pili wa bahari hiyo, katika visiwa vya Indonesia vya Rote na vya wilaya ya Kupang, wakulima wa mwani waliona mazao yao yakigeuka meupe na kufa. Walikuwa raia wa nchi nyingine; hawakuwa na wakili wala mlango wa kubisha hodi. Ilichukua hadi mwaka 2016 kesi yao kufunguliwa Australia, hadi 2021 mahakama kuwapa haki, na hadi Novemba 2022 kufikiwa mapatano ya dola za Australia milioni 192.5 kwa wakulima zaidi ya 15,000. Miaka 13! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa mafuta alikuwa amemaliza shule ya msingi.

Usiku wa Macondo

Miezi minane tu baada ya Montara, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa unamalizia kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko, kusini ya Louisiana. Mtambo ulikuwa mali ya kampuni ya Transocean, umekodiwa na BP, na saruji ilitiwa na Halliburton. Kina cha bahari kilikuwa meta 1,500. Siku ya tarehe 20 Aprili 2010 wakuu wa BP na Transocean walikuwa wamefika mtamboni kwa helikopta, pamoja na mengine kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali kubwa. Asubuhi hiyo hiyo mafundi walioitwa ili kupima ubora wa saruji walirudishwa nchi kavu bila kupima. Jioni ulifanywa mtihani wa mwisho wa kuona kama kisima kimezibika. Vipimo vilionyesha msukumo mahali ambapo haukutakiwa kuwapo, lakini wahusika wakajipatia maelezo ya kuutuliza moyo na kuendelea. Wakaanza kuliondoa tope zito lililokizuia kisima na kuweka maji ya bahari badala yake. Kabla ya saa nne usiku gesi ikapanda, ikafika juu, ikawaka. Mtambo mkubwa wa vali ulioketi sakafuni mwa bahari kwa ajili ya saa kama ile haukuweza kukata bomba na kukiziba kisima.

Watu 126 walikuwamo mtamboni. 11 hawakuonekana tena. Mtambo uliwaka siku mbili, ukazama tarehe 22 Aprili, Siku ya Dunia ya arobaini tangu ile ya kwanza. Kisima kilimwaga mafuta kwa siku 87. Serikali ilikadiria kwamba kilitoa mapipa milioni 4.9, ingawa mahakama baadaye ilihesabu mapipa milioni 3.19 kuwa ndiyo yaliyoingia baharini. Waliojaribu kukiziba walitumia kofia ya chuma, tope zito, takataka za kutupwa kisimani, na visima vya pembeni. Msomaji bila shaka ameyasikia hayo. Ndiyo yale yale ya Ixtoc. Katika miaka 31 sayansi ya kuchimba ilikuwa imeshuka kutoka kina cha meta 50 hadi meta 1,500, lakini sayansi ya kufunika ilikuwa imebaki pale pale, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kuigharimia.

Sasa tuitazame serikali. Tangu mwaka 1982 usimamizi wa visima hivyo ulikuwa mikononi mwa idara moja ya wizara ya maliasili. Idara hiyo ilikodisha maeneo ya bahari, ilikusanya mrabaha wa mabilioni ya dola, na ilikagua usalama. Yaani mkono uliopokea fedha ndio uliotakiwa pia kusema "simameni." Mwaka 2008 mkaguzi mkuu wa wizara alieleza jinsi baadhi ya watumishi wa kitengo cha mrabaha walivyopokea zawadi na kustarehe pamoja na watu wa makampuni waliopaswa kuwasimamia. Lakini hata bila ufisadi huo, muundo wenyewe ulikuwa mbovu. Na hapa twakutana tena na sheria ile ya mwaka 1970. Mwezi wa Aprili 2009, mpango wa kuchimba Macondo ulipofika mezani, idara iliusamehe uchunguzi kamili wa madhara kwa hoja kwamba hatari ya umwagikaji mkubwa ilikuwa ndogo mno. Sheria iliyozaliwa na kisima cha Santa Barbara ilikuwapo, ila iliruka kisima hiki.

Kulikuwa pia na mpango wa kukabili mafuta yakimwagika, nao umeidhinishwa na serikali. Miongoni mwa wanyama wa kulindwa ulitaja walrasi. Mnyama huyo huishi kwenye barafu za kaskazini ya dunia, na hajapata kuishi katika maji ya vuguvugu ya Ghuba. Ulimtaja pia mtaalamu wa kuulizwa ambaye alikuwa amefariki mwaka 2005. Baadaye ikagunduliwa kwamba mipango ya makampuni mengine makubwa ilikuwa na walrasi wale wale. Kwa maneno mengine, mtu mmoja aliandika habari za Alaska, wengine wakanakili, na ofisi ya serikali ikagonga mhuri pasipo kusoma. Sisi tunaosahihisha mitihani twaijua dalili hiyo: wanafunzi watatu wakikosea kwa namna moja, msimamizi wa chumba alikuwa amelala.

Kurudisha kilichopotea

Habari za walivyolipwa watu zinastahili kusimuliwa kwa makini, kwa sababu ndipo penye mafunzo kwetu. Waathiriwa wa kwanza walikuwa familia za wale 11. Zilikuta kwamba vifo vya bahari kuu vinatawaliwa na sheria ya mwaka 1920, inayohesabu mshahara aliouacha marehemu lakini haihesabu kwamba mke amepoteza mume na watoto wamepoteza baba. Wakati huo huo Transocean ilikwenda mahakamani ikiitegemea sheria ya mwaka 1851 inayomruhusu mwenye chombo kupunguza deni lake hadi thamani ya chombo baada ya ajali, nacho chombo chao kilikuwa chini ya bahari. Waliomba dhima yao isizidi dola milioni 27 hivi. Familia zilikwenda mbele ya Bunge mwaka 2010. Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho, Seneti haikuyapitisha.

Kisha wavuvi. Mwanzoni mwa Juni 2010 zaidi ya theluthi moja ya eneo la Ghuba lililo chini ya serikali kuu ilifungwa kwa uvuvi. Wachuma chaza weusi wa Louisiana, Wahindi Wekundu wa maeneo ya mabwawa, na wavuvi wa kamba wenye asili ya Vietnam walisimama siku moja. BP ilitenga mfuko wa dola bilioni 20, kiasi kikubwa kuliko kikomo cha milioni 75, kwa sababu Rais aliishinikiza, si kwa sababu sheria iliilazimisha. Lakini kulipwa kulitaka hati: risiti, hesabu za kodi, leseni. Mvuvi aliyeuza samaki kwa fedha taslimu gatini, na aliyewalisha ndugu zake sehemu ya alichovua, alikuwa na hasara ya kweli isiyokuwa na karatasi. Tunaomba jambo hili likumbukwe tutakapofika nyumbani.

Mwaka 2014 Jaji Barbier aliamua kwamba BP ilizembea kupita kiasi, na mwaka 2016 akaidhinisha mapatano ya dola bilioni 20.8, ambamo zaidi ya bilioni 8 zilikuwa za kurudishia uhai wa bahari na pwani. Sheria ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba asilimia 80 ya faini ya kuchafua maji irudi katika majimbo yaliyoumia badala ya kumezwa na hazina kuu. Hilo tunalisifu bila kusita. Idara ile yenye mikono miwili ilivunjwa, na kufikia Oktoba 2011 kazi zake zikagawanywa kwa vyombo vitatu. Jambo alilolishauri Jaji Cullen baada ya watu 167 likafanyika Marekani baada ya wengine 11.

Hata hivyo kanuni huliwa na kutu kama chuma. Kanuni za udhibiti wa visima zilizotokana na Macondo zilitolewa mwaka 2016, zikalegezwa mwaka 2019, na baadhi zikakazwa tena mwaka 2023. Kikomo cha dhima hakikuondolewa. Kiliongezwa tu kufuata kupanda kwa bei. Na wakati dunia nzima ikiitazama Macondo, si mbali kutoka hapo palikuwa na visima vya kampuni ya Taylor, ambayo jukwaa lake liliangushwa na maporomoko ya matope wakati wa kimbunga cha Septemba 2004. Visima hivyo viliendelea kuvuja, siku baada ya siku, hadi ulipowekwa mtambo wa kuyakinga mafuta mwaka 2019. Kilichosaidia kidogo ni kwamba kampuni ilikuwa imelazimishwa kuweka mamia ya milioni za dola katika amana ya kufungia visima; mwaka 2021 amana hiyo ilikabidhiwa serikali. Bila amana, mwananchi angelipa yote.

Neno la Luther juu ya mkate

Yawezekana baadhi ya wasomaji wetu wanajiuliza haya yanaingiaje katika jarida la theolojia. Sisi Walutheri tumezoea kusema kwamba Mungu anatawala kwa mikono miwili, Injili na dola, kisha tukatumia fundisho hilo kama ruhusa ya kunyamaza. Luther mwenyewe hakulitumia hivyo. Anapoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimu Ndogo, anaiweka serikali njema ndani ya mkate wenyewe, pamoja na chakula, shamba na hali nzuri ya hewa. Katika Katekisimu Kubwa anakwenda mbali zaidi: ngao ya mtawala mcha Mungu, asema, ingefaa kuchorwa mkate kuliko simba, ili mtawala na raia wakumbuke kazi ya cheo chake. Na juu ya amri ya tano anafundisha kwamba aliyeweza kuzuia madhara ya jirani asiyazuie amekwisha kuivunja, hata kama mkono wake haukumgusa.

Ikiwa ndivyo, msimamizi aliyeidhinisha mpango wa walrasi hakukosa umakini wa kiofisi tu. Tukimsoma Eze. 33 twamwona mlinzi aliyeuona upanga ukija asipige tarumbeta. Damu inatakwa mkononi mwake. Na Kum. 22:8 yamwagiza mjenzi kuweka ukuta wa kinga kwenye dari ya nyumba mpya kabla mtu yeyote hajaanguka. Historia tuliyoisimulia yaonyesha serikali zikijenga ukuta huo kila mara baada ya maziko.

Pwani yetu

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, kwenye visiwa na ufuko. Tangu mwaka 2010 wachimbaji wameingia bahari kuu, mbele ya Lindi na Mtwara, na baadhi ya visima vyao vimeanzia kwenye kina cha zaidi ya meta 2,000, chini kuliko Macondo. Makampuni yamevipa visima hivyo majina ya kupendeza: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Zafarani, Tangawizi. Hatujui kama waliochagua majina ya samaki waliwaza juu ya samaki wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kwetu ni gesi, na gesi haichafui bahari kama mafuta. Ni kweli kwa sehemu, na ingekuwa udanganyifu kutokusema hivyo. Lakini kilichowaua wale 11 kilikuwa gesi. Aidha, bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani karibu na Tanga, ambako mafuta ghafi yatapakiwa melini jirani na hifadhi ya silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, na jirani na akina mama wanaolima mwani. Wapo pia watakaosema kwamba nchi maskini haina nafasi ya kuogopa. Nasi twajua kwamba gesi ya Songo Songo imewasha taa za Dar es Salaam tangu mwaka 2004, zikiwamo taa za makanisa yetu. Hatupingi kuchimba. Torati nayo haikukataza kuchimba shimo.

Tunayoiomba Serikali yatoka moja kwa moja katika historia hii. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilifanya jambo jema ilipotenganisha shirika la mafuta, TPDC, na msimamizi wa utafutaji na uzalishaji, PURA. Lakini msimamizi huyo ameachwa chini ya wizara ile ile ya nishati inayotafuta wawekezaji, na katika kazi zake ukaguzi wa hesabu na mapato umekaa pamoja na usalama. Hatua ya Cullen imefanyika nusu. Usalama wa visima uwe na nyumba yake, yenye wakaguzi wanaolipwa vizuri na wasiomtegemea mkusanyaji wa mapato.

Pili, fedha ziwekwe kabla ya kuchimba. Tanzania ni mwanachama wa mfuko wa kimataifa wa mwaka 1992 unaolipa hasara za mafuta ya meli, lakini mfuko huo haulipi mafuta ya kisima, na hakuna mkataba wa dunia nzima unaolipa. Wakulima wa Rote walilijua pengo hilo kwa miaka 13. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Kilichomwagika mbele ya Mtwara hakitasimama kuomba pasi mpakani, na kilichomwagika Msumbiji kitatufikia sisi. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, unaozihusu nchi za bahari hii, ndio mahali pa kuandika kanuni ya kulipana fidia za visima, nasi twaisihi Serikali iianzishe hoja hiyo.

La mwisho lahitaji fedha kidogo kuliko yote. Mpango wa taifa wa kukabili mafuta yakimwagika usomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji vya pwani, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za ufukweni vipewe haki ya kuukosoa kama wavuvi wa Alaska walivyopewa kwa sheria. Wavuvi wengi wa pwani ni ndugu zetu Waislamu. Sharika zetu za Tanga, Lindi na Mtwara zikae nao katika kazi hii, na palipo na mwalimu wa shule ya Jumapili anayejua kuandika hesabu, ajitolee. Maana vikundi hivyo vyahitaji daftari: nani alivua, kiasi gani, wapi, nani alivuna mwani, kilo ngapi, mwezi gani, akauza kwa bei gani. Daftari hilo lipigwe mhuri na ofisi ya kijiji kila mwezi, na nakala yake ipelekwe wilayani, kuanzia mwaka huu ambao bahari ingali safi.